Viatu Chini ya Kitanda: Maswali Kuhusu Uraibu wa Kununua

Kila Jumapili niko soko la Kibuye nikichagua nguo. Je, mimi ni mgonjwa?

Kupenda nguo si ugonjwa. Ni nani Kisumu anayepita Kibuye Jumapili asubuhi, mitumba inafunguliwa na watu wanagombea kamera, zile nguo bora za kwanza, akarudi mikono mitupu? Wingi wa nguo si kipimo. Swali ni kama umejaribu kuacha ukashindwa, na kama kuna kinachoumia: kodi ya nyumba, karo, ndoa, kazi. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni kuficha. Viatu vinasukumwa chini ya kitanda, gauni linakaa miezi na lebo ya bei, mfuko unaachwa kwa jirani mpaka mzee atoke.

Si ni kukosa nidhamu tu?

Daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliieleza hali hii mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hivyo haikuletwa na TikTok. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kuainisha magonjwa, ICD-11, linaiweka pamoja na matatizo ya kushindwa kuzuia msukumo. Wako wataalamu wanaosema ni uraibu kama kamari, na bado wanabishana. Mzunguko wenyewe unajulikana: upweke, hasira au wasiwasi, halafu raha ya kuchagua na kulipa. Raha hiyo huweza kukatika hata kabla matatu haijafika Kondele. Aibu inaingia, na aibu hiyo hiyo ndiyo inayomrudisha mtu sokoni. Ndiyo maana kumfokea hakusaidii.

Mbona husemwa wanawake tu?

Ndio wanaoonekana zaidi kliniki. Wanaume nao wapo, ila wao hununua spika na simu, na hakuna anayewauliza.

Nina mshahara. Deni linatoka wapi?

Kwenye simu. Fuliza ilianza 2019: pesa zikipungua kwenye M-Pesa, inakujazia kwa mkopo. Unatozwa ada ya asilimia 1, kisha ada ya kila siku mpaka umalize, na pesa yoyote inayoingia hulipa deni kwanza. Mshahara ukiingia tarehe 28 unakatwa, na kufikia tarehe 10 unafuliza unga. Gauni la shilingi 800 umeshalisahau, lakini ndilo lililoanzisha safari. Juu yake kuna programu za mikopo na lipa mdogo mdogo. Kinachonitisha zaidi ni pesa za chama, kile kikundi cha kuweka akiba, pale mweka hazina anapojiambia atazirudisha wiki ijayo. Benki itakupeleka CRB, wanaoweka rekodi za wasiolipa mikopo. Chama kitakupeleka kwa mama mkwe.

Piga *334#, uagize taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, kisha ukae nayo na kalamu. Usitazame bei peke yake, tazama na saa. Malipo yakirundikana saa tano usiku, au siku ile uliyogombana kazini, umeshajua kinachokusukuma. Ukimaliza deni la Fuliza, unaweza kujitoa kupitia *234#.

Inatibika?

Ndiyo. Iliyochunguzwa zaidi ni tiba ya mazungumzo inayogeuza fikra na tabia, peke yako au kwa kikundi. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa tatizo hili lenyewe, ila sonona au wasiwasi ulio chini yake hutibiwa. Mtajie daktari dawa unazotumia, maana baadhi ya dawa za Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka), kama pramipexole, huweza kuwasha hamu ya kununua na kucheza kamari. Usiziache bila kumwuliza. Na mtu akianza ghafla kutapanya pesa, halali usingizi, na anajiona anaweza kila kitu, apelekwe hospitali upesi: huenda ni baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi.

Kisumu, nenda Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia, uulizie huduma za afya ya akili. Laini ya ushauri ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ni bure.

Nguo zilizojaa nyumbani je? Naweza kuziuza nilipe deni?

Uza, na zenye lebo zitangulie. Mwombe dada au rafiki apokee pesa hizo kwa simu yake, azipeleke moja kwa moja kwa anayekudai. Ila ukijisikia unasema, "Nitaongeza mbili tatu za biashara," simama hapo hapo. Watu wengi wameingia mtumba kwa sababu hiyo, na mzigo mzima uko chumbani, haujauzwa hata sidiria moja.