MATLAB au Python? Kwa aliyeanza kazi kwenye takwimu za maji

Kijana aliyeajiriwa karibuni hapa Dodoma ameniletea swali ambalo vijana wengi wanaotoka vyuoni hunipa. Chuoni alifundishwa MATLAB, programu ya kulipia ya kufanyia hesabu kwa kompyuta. Ofisini kakuta wenzake wanatumia Python, lugha ya bure ya kuandikia programu, na kompyuta moja tu ina leseni ya MATLAB, ambayo mkuu wake yuko tayari kuilipia tena akiombwa. Kazi yake ni takwimu za maji chini ya ardhi. Ashike ipi?

Ningeshika Python, na si kwa ajili ya bei. Bei inauma, sikatai: ukishalipia MATLAB yenyewe, vifurushi vya takwimu au vya ramani vinauzwa kila kimoja peke yake. Leseni ya mwanafunzi uliyotoka nayo chuoni usiiguse ofisini, maana masharti yake ni ya masomo tu. Halafu mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Leseni ikiisha Mei, wakati fungu limeshakauka, utakaa unasubiri. Lakini ofisi yenye fedha inaweza kuyamudu hayo yote.

Kinachonisumbua mimi ni umri wa takwimu zenyewe. Chukua visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Vipimo vya kina cha maji yake vimeandikwa tangu miaka ya 1950. Ni kwa sababu ya urefu huo wa kumbukumbu ndipo watafiti, katika makala iliyochapishwa 2013 kwenye jarida la Nature Climate Change, walipoweza kuonyesha kwamba maji yale hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Ungekuwa na vipimo vya miaka kumi tu, usingeliona hilo. Sasa angalia: MathWorks, watengenezaji wa MATLAB, walianza 1984. Python ilitolewa 1991. Vipimo vilizitangulia zote mbili, na huenda vikazizika zote mbili. Kwa hiyo jiulize ni nani atakayeirudia hesabu yako ukishahamishiwa Kigoma, na kama atahitaji kibali cha ununuzi kabla ya kuifungua.

Hapo watu hudhani kwamba takwimu ndizo zinazofungwa na programu ya kulipia. Siyo hivyo hasa. Mafaili ya MATLAB ya zamani yanasomeka kwa SciPy, kifurushi cha Python cha hesabu za kisayansi, na yale ya toleo la 7.3 yamejengwa juu ya HDF5, muundo ulio wazi kwa kila mtu. Hata misimbo mingi ya kawaida itakubali kwenye GNU Octave, programu inayofanana na MATLAB ila ni ya bure. Kinachokufunga ni vile vifurushi vya ziada, na Simulink, ile ya kuigiza mitambo kwenye kompyuta, ndiyo kabisa: Octave haiiendeshi. Kama kazi yako ingekuwa kubuni mitambo ya kudhibiti pampu, ningekwambia lipa bila kusita.

Na kwenye programu huria kama Python nako kuna vumbi lake. Python utaisakinisha leo ikubali, kesho kifurushi kimoja kikisasishwa viwili vinagoma. MATLAB huja ikiwa nzima, na maelezo yake yameandikwa vizuri kuliko ya wengi. Tena si kila kinachopakuliwa bure ni bure kwa ofisi: Anaconda, mkusanyo wa Python pamoja na vifurushi vyake, tangu 2020 inadai mashirika yenye wafanyakazi zaidi ya 200 yalipie. Ofisi ya serikali inaifikia idadi hiyo upesi. Badala yake tumia Miniforge, inayochukua vifurushi kutoka conda-forge, ghala la bure linalotunzwa na watumiaji wenyewe. Programu ya kuandikia msimbo ni hiari yako. Sitapoteza maneno hapo.

Ukianza kuhamisha hesabu, hatari kubwa ni namba. MATLAB inahesabu kuanzia 1, Python kuanzia 0, na Python haijumuishi namba ya mwisho ya safu. Umepanga mvua za mwaka kuanzia Januari. Kwenye MATLAB 1:4 inakupa Januari hadi Aprili. Ukiandika 1:4 hiyo hiyo kwenye Python unapata Februari, Machi na Aprili. Hakuna onyo, jumla inatoka safi kabisa, ila mvua ya Januari haimo. Kwa mji kama wetu wenye msimu mmoja wa mvua, umeshaharibu makadirio yote ya maji yanayozama ardhini. Ukiomba mwezi wa 4 peke yake unapewa Mei, wakati ambapo huku mvua zimeshakatika. Angalau hilo litakushtua.

Ndiyo maana leseni ile moja singeiacha ife sasa hivi. Omba ilipiwe mwaka mmoja zaidi. Weka takwimu zote kwenye CSV, yaani mafaili ya maandishi ya kawaida yanayofunguka kwa programu yoyote, vipimo vikitajwa juu ya kila safu, mita au milimita. Kisha endesha hesabu zilezile pande zote mbili, kisima kwa kisima, na usiifute ya MATLAB mpaka majibu yalingane.