Je, usome Dracula?

Wengi wanaoniuliza swali hili wameshatazama filamu, kwa hiyo wanadhani kisa wanakijua. Mimi hufundisha riwaya za Kigothiki, yaani za kutisha zenye makasri na mizimu, na jibu langu ni ndiyo, isome, ila ujue kwanza imesukwaje.

Bram Stoker aliichapisha mwaka 1897 kwa umbo la riwaya ya barua. Ndani yake mna shajara, telegramu, vipande vya magazeti, kumbukumbu za nahodha wa meli, hata sauti ya daktari anayejirekodi kwenye fonografu. Dracula mwenyewe, yule mfu anayenyonya damu za watu, hapewi nafasi ya kusimulia. Kila mhusika anaandika alichokiona yeye tu. Msomaji ndiye anayeyaona yote, na taharuki inazaliwa hapo.

Chukua usiku mmoja mjini Whitby, Uingereza. Mina, mchumba wa wakili kijana Jonathan Harker, anamfuata rafiki yake Lucy, aliyetoka akitembea usingizini, na kumkuta makaburini juu ya bahari. Anamfunika shali na kuibana shingoni kwa pini. Kesho yake anaona alama mbili ndogo nyekundu kwenye koo la Lucy, naye anaandika kwa masikitiko kwamba bila shaka alimchoma kwa ile pini. Wewe umetoka kusoma sura nne za mwanzo, ambamo Harker ananyoa ndevu katika kasri la Transylvania, mwenyeji wake Dracula amesimama nyuma yake, na kioo hakimwonyeshi Dracula. Unatamani kumpigia Mina kelele. Kinaya hiki filamu hushindwa kukitunza, maana kamera huwa imeshatuonyesha meno. (Na kama unangoja jua limteketeze, hapa Dracula hutembea mchana, kifo cha jua kilitoka kwenye filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922.)

Katikati riwaya inapunguza mwendo, tena sana. Profesa Van Helsing, anayeongoza msako wa Dracula, anahutubia kurasa kwa kurasa, na sifa wanazomwagiwa wanawake kwa usafi wao wa moyo zinachosha. Hata hivyo usiziruke sura hizo. Wanaume wanaomsaka Dracula wanaamua kumficha Mina mipango yao, eti wanamlinda, ilhali ni yeye aliyezipanga karatasi zote kwa taipureta hadi msako ukawezekana. Anashambuliwa wakati huohuo wa kufichwa. Kwangu hiyo ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayonirudisha kwenye riwaya hii.

Anayetaka mapambano kila ukurasa atachoka. Kwa hiyo jipime kwa zile sura nne: ukizimaliza bila hamu ya kujua Harker atatokaje, iweke chini na uchukue Carmilla ya Sheridan Le Fanu, hadithi nyingine ya mnyonya damu. Hiyo ilitangulia, ni ya mwaka 1872, ni fupi, na msichana anayewindwa ndiye anayetusimulia.