ROTC ni nini? Maafisa wa jeshi wanaopikwa chuo kikuu

ROTC ni kifupi cha jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita Kikosi cha Mafunzo ya Maafisa wa Akiba. Ni utaratibu wa Marekani ambapo kijana anasoma shahada yake kama wenzake, iwe uhandisi, historia au uuguzi, na papo hapo anafunzwa uafisa wa jeshi. Siku ya kuhitimu anatoka na vitu viwili: shahada ya chuo na kamisheni, yaani mamlaka ya kuongoza askari, akianzia cheo cha luteni usu, au kinacholingana nacho katika jeshi la majini.

Neno "akiba" lisikupoteze. Wengi wanaopita huku huingia moja kwa moja katika jeshi la kazi, si kukaa nyumbani kusubiri kuitwa. Jina limebaki kutoka zama ambazo lengo lilikuwa kujaza daftari la maafisa wa kuitwa vita ikizuka.

Ukitaka kujua kwa nini kwata ilipelekwa chuoni, anzia kwenye hofu. Tangu uhuru, Wamarekani wengi hawakulipenda jeshi kubwa la kudumu. Waliogopa maafisa wanaolelewa kivyao, wakaoana na jeshi na kuwasahau raia. West Point, chuo cha jeshi, kilifunguliwa mwaka 1802, lakini aliyekuwa mkuu wake, Alden Partridge, aliondoka na imani tofauti: taifa huru lilindwe na watu wenye kazi zao nyingine, waliosoma mambo ya kiraia na ya kijeshi kwa pamoja. Mwaka 1819 akafungua shule yake katika mji wa Norwich, jimbo la Vermont. Vijana walisoma sayansi na lugha, kisha Partridge mwenyewe aliwatoa kwa safari ndefu za miguu milimani. Shule hiyo ndiyo leo Chuo Kikuu cha Norwich, na ndiyo huhesabiwa kuwa chimbuko la wazo lenyewe.

Wazo likapata nguvu ya sheria katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 2 Julai 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya Justin Morrill, mbunge wa Vermont. Kila jimbo lisilokuwa katika uasi lilipewa ekari 30,000 za ardhi ya serikali kwa kila seneta na mbunge wake, ili mapato yake yaanzishe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi. Ndani ya sheria hiyo mlipenyezwa maneno machache: mbinu za kijeshi nazo zifundishwe. Maneno hayo hayakueleza kama mwanafunzi analazimika kuhudhuria. Vyuo vingi viliamua wanaume wote wapige kwata, na ugomvi wa miaka mia moja ukaanzia hapo.

ROTC kwa jina lake ilizaliwa tarehe 3 Juni 1916, Rais Woodrow Wilson alipotia saini Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Ulaya ikiwa tayari inaungua kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hadi hapo kila chuo kilifundisha kivyake. Sasa serikali ilileta mtaala mmoja, walimu wanajeshi, sare na silaha, na aliyemaliza alipata kamisheni inayotambulika. Jeshi la majini lilifuata mwaka 1926, la anga baada ya Vita vya Pili.

Vipi kuhusu yule asiyetaka? Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilifanya mafunzo kuwa ya hiari, lakini kwingi lazima iliendelea. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California waliokataa kwata kwa sababu ya imani yao ya dini walisimamishwa masomo, wakapeleka kesi hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 1934 walishindwa: mahakama ilisema kuingia chuo cha umma bila kupiga kwata si haki ya kikatiba. Mimi naona hapo ndipo ndoto ya Partridge ilipopinda. Raia-askari wake alipaswa kuwa mtu aliyeitikia mwenyewe.

Sheria ya mwaka 1964 iliongeza ufadhili wa masomo, na vyuo vikazidi kuachana na ulazima. Kisha upinzani dhidi ya Vita vya Vietnam ukafika madarasani. Harvard na vyuo vingine vikubwa vilikataa programu hii. Usiku wa tarehe 2 Mei 1970, katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, jengo la mbao la ROTC liliteketezwa kwa moto, na mipira ya maji ya wazima moto ikakatwa. Siku mbili baadaye askari wa akiba wa jimbo (National Guard) walifyatua risasi chuoni hapo: wanafunzi wanne walikufa, tisa wakajeruhiwa.

Wakati huohuo milango mingine ilikuwa ikifunguka. Wanawake waliingia kuanzia mwaka 1969 upande wa anga, na miaka michache baadaye nchi kavu na majini. Na kwa watoto wa familia za kipato cha chini, hii ilikuwa ngazi ya kweli. Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, alisoma jiolojia katika City College ya New York huku akiwa kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa katika ROTC. Akapata kamisheni mwaka 1958, na mwaka 1989 akawa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi yote ya Marekani. Harvard yenyewe iliirudisha ROTC mwaka 2011, baada ya kufutwa kwa sheria iliyowazuia mashoga na wasagaji kutumikia jeshini waziwazi.

Maisha ya kadeti leo yanaanza alfajiri: mbio na mazoezi kabla ya kipindi cha kwanza, darasa la sayansi ya kijeshi, na kila wiki mazoezi ya uongozi, pengine kutafuta njia porini kwa ramani na dira. Mwisho kuna kiapo, kisha mzazi humbandika mwanawe alama ya cheo begani. Askari wa kwanza asiye afisa kumpigia saluti hupewa na luteni huyo mpya sarafu ya dola ya fedha, kiganjani, wakipeana mkono.