Shemeji, Viazi Vimeiva? Dhana Potofu Kuhusu Filamu za Kigeni za Kisanaa

Mwishoni mwa 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza lilitoa orodha yake ya filamu bora za nyakati zote, ile inayotoka kila baada ya miaka kumi. Namba moja ikashikwa na Jeanne Dielman ya mwaka 1975, kazi ya mama wa Kibelgiji, Chantal Akerman. Mimi na kiherehere changu nikamrushia shemeji yangu, mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza akitazama muvi za kareti. Filamu ina dakika 201, na muda mwingi mama mjane yuko jikoni: anamenya viazi, anaosha vyombo, anazima taa. Baada ya saa moja simu ikalia: "Shemeji, viazi vimeiva?"

Hakuendelea. Kichekesho ni kwamba viazi vile kuiva kupita kiasi ndipo kisa kinapoanza kugeuka.

Basi dhana ya kwanza ilikuwa yangu mwenyewe: kwamba filamu iliyoshika namba moja ndiyo ya kuanzia. Orodha ile ilipigiwa kura na watu zaidi ya 1,600, wahakiki na watu wengine ambao kutazama filamu ndiyo kazi yao. Kwao, kuona shughuli za nyumbani zikipewa muda wake wote kwenye skrini lilikuwa jambo la kusisimua. Kura hiyo haikumfikiria mtu anayerudi kazini saa mbili usiku. Siku hizi mtu akiniomba muvi, namuuliza kwanza ni ipi aliyowahi kuirudia mara mbili.

Shemeji angenijibu: muvi za mapigano. Dawa yake ilikuwepo tangu 1954, Seven Samurai ya Mjapani Akira Kurosawa. Wakulima maskini, waliochoka kuporwa mavuno na majambazi, wanatafuta wapiganaji wa kukodi, na malipo pekee waliyonayo ni wali. Wamarekani waliipenda hadi wakaigeuza kuwa ya makauboi mwaka 1960, The Magnificent Seven. Nikampelekea. Akaitazama yote. Ina dakika 207, yaani imezidi ile ya viazi kwa dakika sita, kwa hiyo wanaosema muvi ndefu ndizo zinazochosha wakae na shemeji yangu wazungumze. Lalamiko lake lilikuwa moja tu: "Steringi hafi, shemeji! Hapa kati ya saba wamekufa wanne."

Dhana ninayoisikia zaidi ni kwamba usipojua lugha huwezi kufaidi. Hii inanishangaza ikitoka kwa watu wa pwani. Awaara ya Raj Kapoor, ya 1951, ilijaza majumba ya sinema Zanzibar na Dar es Salaam, na wengi waliotoka wakiimba nyimbo zake hawakujua Kihindi hata cha kuombea maji. Zilipokuja kanda za video, Lufufu, msimulizi wetu wa Tanzania, akatutafsiria kwa sauti huku akitia chumvi zake, Wakenya wakampata DJ Afro, Waganda wakawa na wasimulizi wao, mavijei. Wapo wanaoona kazi hiyo ni ushamba, kwamba inaharibu filamu. Lakini Wajapani walikuwa nayo enzi za filamu zisizo na sauti: mtu aliyeitwa benshi alikaa pembeni ya skrini, akisimulia na kuwatolea waigizaji sauti, na wapo waliolipa kiingilio kwa ajili yake kuliko filamu. Kaka yake Kurosawa alikuwa benshi. Huyo Kurosawa tunayemwita msanii mkubwa alikua karibu na kazi ileile ya Lufufu.

Hata hivyo nisidanganye: maandishi ya chini mara nyingi ni ya Kiingereza au Kifaransa, ya Kiswahili ni nadra, na hilo ni kikwazo cha kweli kwa wengi. Nyumbani kwetu mmoja husoma kwa sauti kwa niaba ya bibi. Bibi humkatiza kila mara kusema mbaya ni yule mwenye kofia, na mara nyingi huwa amepatia.

Wengine husema haya ni mambo ya Wazungu. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa kuli bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, kisha akaona watu wake wengi hawawezi kuzisoma. Akaingia kwenye filamu. Mandabi, ya mwaka 1968, inazungumza Kiwolof: mzee asiye na kazi pale Dakar anatumiwa hawala na mpwa wake anayefagia barabara Paris. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, na picha, na stempu, na mzee hajui tarehe aliyozaliwa. Huku nyuma majirani wameshasikia kwamba kuna pesa, foleni ya wakopaji iko mlangoni. Sijaona Mtanzania aliyehitaji kuelezwa filamu hiyo.

Kuhusu kupatikana sina mengi: tamasha la filamu la ZIFF liko Zanzibar tangu 1998, na vituo vya utamaduni kama Alliance Française cha Wafaransa na Goethe-Institut cha Wajerumani huonyesha filamu.

Dhana iliyobaki ni ile ya "haijaisha, wameikata". Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, 1948: baba wa Roma anapata kazi ya kubandika mabango, sharti awe na baiskeli. Mkewe anaweka rehani mashuka ili waikomboe. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Mwigizaji mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mwisho wake hausemi kesho watakula nini. Nilimpa shemeji, ambaye ana bodaboda ya mkataba, nikalala. Saa sita usiku akapiga simu, bila salamu: "Sasa yule bwana, hesabu ya kesho anaitoa wapi?"