Eoin Morgan hakuvunja sheria yoyote

Wengi huamini kwamba mchezaji wa kriketi akishavaa jezi ya taifa moja basi amefungwa nalo maisha. Si kweli. Morgan, mzaliwa wa Dublin, aliichezea Ireland, na katika mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja, mwaka 2006 dhidi ya Uskoti, alitolewa akiwa na mikimbio (alama) 99. Akacheza nayo Kombe la Dunia 2007. Mwaka 2009 akahamia Uingereza, kihalali kabisa.

Kuna wanaomwita msaliti. Wanasahau kwamba wakati huo Ireland haikuwa na hadhi ya kucheza mechi za siku tano, daraja la juu kabisa la kriketi; iliipata 2017. Aliyeitamani kriketi hiyo hakuwa na njia nyumbani.

Unahodha wa Uingereza nao hakupewa kwa huruma. Chini yake Uingereza ilitwaa Kombe la Dunia 2019 uwanjani Lord's, London, na katika mashindano hayohayo aliipiga Afghanistan mikimbio 148, mara 17 mpira ukipaa moja kwa moja nje ya mpaka.

Njia hiyo hupitika pande zote: Ed Joyce alitoka Ireland, akaichezea Uingereza, kisha akarudi Ireland.