Je, wajua mashine ya kurudi jana ingejengwaje?

Kuiwahi kesho ni jambo ambalo limeshafanyika, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Oktoba 1971, Wamarekani wawili, Joseph Hafele na Richard Keating, walipanda ndege za kawaida za abiria wakiwa na saa za atomiki, yaani saa sahihi kupita kiasi. Waliizunguka dunia kwa kuelekea mashariki, kisha wakaizunguka tena kwa kuelekea magharibi. Saa hizo zilipolinganishwa na nyingine zilizobaki Washington, safari ya mashariki ilikuwa imezichelewesha kwa nanosekunde 59 hivi, na ya magharibi imezitanguliza kwa 273. Nanosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Saa iliyochelewa ndiyo iliyoiwahi kesho: iliifikia ikiwa imehesabu muda mfupi kuliko zilizobaki. Einstein alikuwa ameshasema: mwendo huchelewesha wakati, na nguvu ya uvutano nayo huuchelewesha. Ndiyo maana saa za setilaiti za GPS, zilizo mbali na uvutano wa dunia, hutangulia zetu kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku, na wahandisi hulazimika kuzirekebisha.

Kazi ipo katika kurudi nyuma.

Mwaka 1949 mwanahisabati Kurt Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein ya uvutano inaruhusu ulimwengu unaojizungusha wote kwa pamoja, na ndani yake msafiri angeweza kuikuta jana yake. Bahati mbaya, huu wetu hauonyeshi dalili za kuzunguka hivyo. Mpango uliokaribia kuwa maelezo ya fundi ulikuja mwaka 1988, kutoka kwa mwanafizikia Kip Thorne wa chuo cha Caltech, Marekani, na wanafunzi wake Michael Morris na Ulvi Yurtsever.

Wao walianza na handaki linalounganisha sehemu mbili za anga kwa njia ya mkato. Tuseme tunalo, na lina midomo miwili. Mwaka 2030 mdomo wa kwanza unabaki nyumbani. Wa pili unakokotwa na chombo kinachokwenda kwa asilimia 99.5 ya kasi ya mwanga, kisha unarudishwa. Sisi tuliobaki tumehesabu miaka 10, kwa hiyo ni 2040. Saa iliyofungwa kwenye mdomo uliosafiri imehesabu mwaka mmoja tu, nayo inasema 2031. Lakini ukichungulia kupitia ndani ya handaki, saa za midomo yote miwili zinakubaliana, kwa kuwa ndani humo hakuna aliyemwacha mwenzake. Basi anayeingia leo, mwaka 2040, kwa mdomo uliosafiri, anatokea kwenye mdomo wa nyumbani mwaka 2031. Hesabu zenyewe hazina uchawi wowote.

Tatizo ni kwamba handaki kama hilo hujifunga kabla hata mwanga haujapenya. Kulishikilia wazi kunahitaji nishati hasi, kitu kinachosukuma mahali ambapo maada yote tunayoijua huvuta. Nishati hiyo si porojo tupu. Mwaka 1948 Mholanzi Hendrik Casimir alikokotoa kwamba mabamba mawili ya chuma yasiyo na chaji, yakikaribiana sana katika ombwe (mahali palipoondolewa kila kitu, hata hewa), yatavutana, kwa sababu nafasi iliyo kati yao ina nishati pungufu kuliko ombwe lenyewe. Nguvu hiyo imepimwa maabara. Ila ni kiduchu, na hakuna ajuaye namna ya kuikusanya hadi itoshe kupitisha mtu.

Mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking hakuamini kwamba mashine hiyo ingefanya kazi siku yoyote. Mwaka 1992 alipendekeza kuwa maumbile yenyewe huilinda historia: mara tu njia ya kurudi nyuma inapotaka kufunguka, nishati ya ombwe ingejilimbikiza humo na kuivunja. Tarehe 28 Juni 2009 aliandaa hata karamu ya wasafiri wa wakati, halafu akatoa mialiko baada ya karamu kwisha. Hakuja mtu.

Kama ushahidi, karamu hiyo naiona dhaifu. Mashine ya Thorne haimrudishi mtu nyuma ya siku ilipoanza kufanya kazi. Hata kama itajengwa mwaka 2500, abiria wake hawana njia ya kufika 2009.