Gastriti iliyotibiwa imerudi? Maswali ya wagonjwa wa Bukavu

«Nilimeza dawa nikapona. Miezi 4 haijaisha, tumbo linawaka tena.» Maneno haya ya mama mmoja wa Kadutu ninayasikia karibu kila wiki.

Ni pilipili?

Hapana, mama. Pilipili huchoma kidonda kilichopo, haikileti. Gastriti (tumbo kuvimba upande wa ndani) na vidonda vya tumbo mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayejificha ndani ya ute wa tumbo na kuipooza asidi inayomzunguka. Barry Marshall na Robin Warren walimgundua Australia mwaka 1982, na 2005 wakapewa tuzo ya Nobel.

Kwa nini amerudi?

Mara nyingi hakurudi. Hakuondoka. Omeprazole hutuliza asidi ndani ya siku chache, mgonjwa anajiona mzima, anaacha antibiotiki katikati. Wengine hununua plakete moja tu kwa sababu pesa haitoshi, na siwalaumu; lakini kwa kawaida hutakiwa dawa ya asidi pamoja na antibiotiki 2, zote kwa pamoja, mara nyingi kwa siku 14. Kuna na shida nyingine: metronidazole, moja ya antibiotiki hizo, tumeimeza miaka na miaka kila tumbo likisokota, tukisema ni amiba, hata bila kupima. Bakteria wengi wameizoea. Ndiyo maana kurudia dawa zilezile kwa jirani wa famasi hakusaidii. Muganga ajue ulimeza nini mara ya kwanza, abadilishe.

Nitajuaje kama ameisha?

Usipime damu. Alama za ugonjwa hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya kupona, na watu hutibiwa tena bure. Omba kipimo cha choo kinachomtafuta bakteria mwenyewe, au cha pumzi kikipatikana. Ngoja wiki 4 tangu umalize antibiotiki, na wiki 2 bila omeprazole, la sivyo majibu yatakudanganya.

Anaweza kuingia upya?

Ndiyo, na kwetu kuliko nchi tajiri. Wengi humpata wakiwa watoto, nyumbani kwao, kupitia mate, matapishi au kinyesi, pale ambapo watu wamebanana na maji safi ni haba. Kwa hiyo tazama nyumba yako: usimtafunie mtoto chakula, maji ya bidoni yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayomiminwa, si katika beseni moja la wote. Baba au mtoto mkubwa anayelalamika tumbo naye apimwe.

Lini nikimbie hospitali?

Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda siku hiyohiyo. Ukikonda bila sababu au chakula kikikwama kooni, usingoje pia: bakteria huyu akikaa miaka mingi anaweza kuleta kansa ya tumbo. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi, basi mwambie muganga kama unavimeza.